Palazzo Medici: Jumba la Nguvu Isiyo na Cheo

Mgeni anayefika Florence huvutwa kwanza na kuba la kanisa kuu, kisha na foleni za Uffizi, kisha na Daudi wa Michelangelo. Palazzo Medici Riccardi, lililo mwendo wa dakika chache kwa miguu kaskazini ya kanisa kuu, katika barabara ambayo leo inaitwa Via Cavour na zamani iliitwa Via Larga, huachiwa muda unaobaki. Na wengi wanaoingia hupanda moja kwa moja ghorofani, wakaitazama michoro ya Benozzo Gozzoli katika kanisa dogo la nyumbani, wakapiga picha, wakashuka. Nadhani wanaofanya hivyo wanajipunja. Jumba hili lilijengwa kufanya kazi ya dola kwa niaba ya familia ambayo kisheria haikuwa dola, na kila kilichomo, kuanzia benchi la nje hadi dhahabu iliyopakwa ukutani, kiliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba uzuri wa Palazzo Medici hautengani na siasa yake, na kwamba anayeutazama bila kuiona siasa hiyo hata uzuri wenyewe hajauona wote.

Ili hoja hii ieleweke, lazima tujue Florence ya karne ya 15 ilikuwa mji wa namna gani. Ilikuwa jamhuri, na watu wake walijivunia kutokuwa na mfalme. Baraza kuu la utawala, Signoria, lilikuwa na watu 9 waliokaa madarakani miezi 2 tu, na majina yao yalichotwa kwa kura kutoka mifukoni ili pasiwe na mtu wa kukizoea kiti. Katika mji huo Giovanni di Bicci de' Medici alianzisha benki mwaka 1397, na mwanawe Cosimo akaikuza hadi ikawa na matawi Roma, Venice, Geneva, Bruges, London na kwingineko, huku ikitunza fedha za Papa. Mwaka 1433 wapinzani wake walimfukuza mjini; mwaka uliofuata akarudi, na tangu hapo hadi alipofariki mwaka 1464 hapakuwa na jambo kubwa lililopita bila ridhaa yake. Alifanyaje, na yeye mwenyewe alishika uongozi rasmi wa Signoria mara tatu tu? Watu wake waliwadhibiti maofisa walioamua majina ya nani yatiwe mifukoni. Kura ziliendelea kuchotwa, sheria zikaendelea kusomwa, ila waliotoka mfukoni walikuwa wale wale. Papa Pius wa Pili, aliyeutembelea mji huo mwaka 1459, aliandika wazi kwamba Cosimo alikosa jina la mfalme tu.

Mtu wa namna hiyo ana tatizo ambalo mfalme hana. Mfalme akijenga kasri, anajenga kwa haki ya taji lake. Cosimo alihitaji mahali pa kupokea mabalozi, kusuluhisha magomvi na kuonyesha kwamba ndiye mwenye mji, lakini mahali hapo palipaswa kuonekana kuwa nyumba ya mwananchi wa kawaida. Kazi alipewa Michelozzo, na ujenzi ukaanza mwaka 1444. Giorgio Vasari, aliyeandika takriban karne moja baadaye, anasimulia kwamba Brunelleschi alikuwa ametoa mfano wa jumba la kifahari zaidi, na Cosimo akaukataa kwa kuhofia kuwachochea watu wivu. Hata tukiichukua habari hiyo kama mapokeo tu, ukuta wenyewe unaiunga mkono. Ukisimama upande wa pili wa barabara utaona ghorofa tatu zisizofanana. Ya chini ni ya mawe makubwa yaliyoachwa na nyuso za mabonde na vilima, kana kwamba yametoka machimboni jana. Ya pili mawe yake yamesawazishwa lakini mistari ya maungio bado inaonekana. Ya tatu ni laini. Juu kabisa ukingo mpana wa jiwe unachomoza kufunika yote. Hakuna marumaru ya rangi wala dhahabu. Lakini mawe yale magumu ya chini, pamoja na madirisha yenye matao mawili mawili, yanafuata sura ya Palazzo della Signoria, jengo la serikali ya jamhuri. Mwananchi wa Florence aliyepita hapo hakuhitaji kuelezwa. Nyumba ya mtu binafsi ilikuwa imevaa sura ya serikali.

Chini ya ukuta huo kuna benchi la mawe lililojengwa pamoja na jengo, nalo likitazama barabara. Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe Zanzibar atalitambua mara moja, kwa kuwa linafanya kazi ile ile ya baraza: linampa mpita njia mahali pa kukaa bila kumruhusu kuingia ndani. Wenye shida, wenye barua na wenye madeni walisubiri hapo hadi waitwe. Kwenye kona, pale Via Larga inapokutana na barabara iendayo kanisa la San Lorenzo, palikuwa na ukumbi wazi wenye matao, ambamo mtu yeyote aliweza kujikinga jua au kukutana na mwenzake. Nayaona mambo haya mawili kuwa ya maana kuliko mapambo yote ya ndani, kwa sababu yanaonyesha jinsi nguvu isiyo na cheo inavyojijenga. Inaanza kwa ukarimu. Inampa mtu kivuli na mahali pa kukaa, na inamfanya azoee kungoja mlangoni kwa mtu ambaye hakumchagua.

Ukivuka lango unaingia kwenye ua wa ndani wenye nguzo pande zote nne. Juu ya matao imepangwa miduara mikubwa ya kuchongwa, iliyonakiliwa kutoka kwenye vito vya kale, na kati yake nembo ya Medici yenye vidonge. Ua huu ulikuwa na kitu kimoja kisichokuwemo tena. Mwaka 1469, Lorenzo mjukuu wa Cosimo alipomwoa Clarice Orsini, katikati yake ilikuwa imesimama sanamu ya shaba nyeusi ya Daudi, kazi ya Donatello, na bustanini nyuma kulikuwa na nyingine ya mikono hiyo hiyo: Yudithi akiinua upanga juu ya shingo ya Holoferne. Wote wawili ni wanyonge waliomwua mwenye mabavu, na katika Florence walikuwa alama za jamhuri iliyojilinda dhidi ya madhalimu. Kwa kuwaweka nyumbani kwake, Medici alikuwa akidai kwamba yeye ndiye mlinzi wa uhuru wa mji. Ni dai zito kutoka kwa familia iliyokuwa ikiuminya uhuru huo mfuko kwa mfuko.

Sasa twende ghorofani, kwenye kanisa dogo. Kuwa na kanisa nyumbani si jambo aliloruhusiwa kila tajiri. Cosimo alipata idhini ya Papa Martin wa Tano ya kuwa na altare yake mwaka 1422, miaka mingi kabla ya jumba. Chumba ni kidogo, na wageni huingizwa kwa makundi madogo. Kabla ya kuinua macho, tazama sakafu. Kati ya marumaru kuna vipande vya porfiri, jiwe la rangi ya zambarau lililochimbwa kwenye jangwa la mashariki mwa Misri na ambalo watawala wa Roma walilifanya jiwe lao. Katika karne ya 15 halikuwa likichimbwa tena. Lilitolewa katika magofu ya kale. Mwenye benki aliyeogopa marumaru ya rangi ukutani barabarani alikanyaga jiwe la makaisari mahali ambapo waliopanda ni wale aliowaalika mwenyewe.

Kuta tatu zina mchoro mmoja unaozunguka: msafara wa Mamajusi kuelekea Bethlehemu. Gozzoli alianza kazi hiyo mwaka 1459 chini ya macho ya Piero, mwana wa Cosimo, na baadhi ya barua zake kwa Piero zimehifadhiwa. Katika mojawapo anajitetea kuhusu maserafi ambao bwana wake aliona hawakupendeza, na anaahidi kwamba vijiwingu viwili vitatosha kuwafunika. Barua hizo zinafundisha jambo: mteja alifuatilia mchoro hadi bawa la malaika, kwa hiyo kilichobaki ukutani kimebaki kwa ridhaa yake. Na kilichobaki ni nini? Ni buluu ya lapisi iliyosafirishwa kutoka milima ya Afghanistan, dhahabu iliyotandazwa kwenye hatamu na mavazi ili ing'ae kwa mwanga wa mishumaa, milima ya Toscana badala ya jangwa la Mashariki, na katika msafara wa mfalme kijana, akina Medici wenyewe. Piero amepanda farasi mweupe. Kando yake yuko Cosimo, mzee, juu ya nyumbu. Nyumbu huyo ni hoja nzima ya jumba katika picha moja: mtu mwenye nguvu kuliko wote mjini amechagua mnyama wa unyenyekevu, na wote wanaomfuata wamekubali kukaa nyuma yake. Miongoni mwao wanatambuliwa Galeazzo Maria Sforza, mwana wa mtawala wa Milano, aliyelazwa katika jumba hili mwezi Aprili 1459, na Sigismondo Malatesta, bwana wa Rimini. Kila balozi aliyeingia kusali aliona wakuu wa Italia wakitembea katika msafara wa mwenye nyumba.

Mada ya Mamajusi nayo haikutokana na bahati. Florence ilikuwa na chama cha waumini kilichoitwa Compagnia de' Magi, ambacho kilikuwa na makao yake San Marco, juu kidogo ya barabara hiyo hiyo, na kilifanya maandamano makubwa ya Epifania yaliyopita mjini. Medici walikuwa vinara wa chama hicho. Na kwa watu wa benki, walioishi na hofu ya dhambi ya riba, Mamajusi walikuwa faraja isiyo na mfano: matajiri waliopokelewa na Mungu wakiwa na dhahabu yao mikononi.

Msomaji wa Afrika atasimama mbele ya mtu mmoja zaidi. Karibu na farasi wa akina Medici anatembea kwa miguu mpiga upinde mweusi, aliyechorwa kwa uangalifu mkubwa, uso wake ukiwa uso wa mtu hasa. Florence ilikuwa imewaona Waafrika kama wageni wa heshima, kwani mwaka 1441 watawa wa Ethiopia walifika mjini kuhudhuria mtaguso wa Kanisa ambao Cosimo alisaidia kuugharimia. Lakini Florence pia ilikuwa mji wenye watumwa: amri ya mwaka 1363 iliruhusu kuwaleta wale wasiotoka katika Ukristo, na wengi wao walitoka pande za Bahari Nyeusi. Cosimo mwenyewe alizaa mtoto, Carlo, na mtumwa Mcherkesi aliyenunuliwa Venice. Huyo mpiga upinde hatuna jina lake. Wanahistoria wamejadili kwa muda mrefu nani ni nani kati ya wapanda farasi, na mjadala huo wenyewe unafuata mpango uleule wa mchoraji: umetuelekeza macho juu, kwa wenye farasi. Nasisitiza kwamba tumtazame anayetembea kwa miguu kwa muda ule ule tunaowapa wapanda farasi, kwa kuwa naye ni ushahidi wa jinsi nyumba hii ilivyokuwa ikiendeshwa.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni la wanaosema kwamba ninaiona siasa mahali palipokuwa na imani. Cosimo alikuwa mcha Mungu, wanasema. Aliijenga upya San Marco, akaisaidia San Lorenzo, na akawa na chumba chake San Marco cha kujitenga na kusali. Sina sababu ya kuitilia shaka imani yake. Lakini imani na siasa hazikukaa vyumba tofauti katika karne ile, na Medici wenyewe hawakuzitenganisha katika hesabu zao. Lorenzo alipokagua daftari za familia aliandika kwamba tangu mwaka 1434 hadi 1471 zilitumika florini 663,755 kwa majengo, sadaka na kodi pamoja, na akaona fedha hizo zimeipa dola yao mng'aro. Anayejumlisha sadaka, jumba na kodi katika mstari mmoja anatuambia mwenyewe kwamba vitu hivyo vilifanya kazi moja.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi, nalo lina nguvu zaidi. Mwanahistoria Richard Goldthwaite ameeleza kwa kina jinsi ujenzi wa majumba ulivyomwaga fedha za matajiri kwa waashi, wachonga mawe, wachoma matofali na wenye mikokoteni. Akina Rucellai, Pitti na Strozzi nao walijenga. Kwa nini basi kumwandama Medici peke yake? Nakubali kwamba ujira ulilipwa na kwamba mafundi walipata ustadi ambao mji unaufaidi hadi leo. Ila tuangalie pia sheria ya kodi. Hesabu kuu ya mali iliyoanza mwaka 1427, iliyoitwa catasto, ilimtaka kila mwenye kaya ataje mashamba, biashara na hisa zake, lakini nyumba aliyoishi na vyombo vyake havikutozwa. Kila florini iliyogeuzwa kuwa ukuta wa Via Larga ilikuwa florini iliyotoka katika hesabu ya kodi. Mwashi alipata ujira wake, na mji ukapoteza sauti ya kuamua fedha hiyo ijenge nini. Na kuhusu Rucellai na wenzake, walijenga majumba mazuri, lakini mabalozi hawakuja kwao kujua mji umeamua nini.

Pingamizi la tatu husema kwamba tunawahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Hili ndilo ninaloliona dhaifu kuliko yote, kwa sababu mizani hii ni yao wenyewe. Mwandishi wa tarehe Giovanni Cavalcanti, aliyeishi wakati wa Cosimo, aliyanakili manung'uniko ya mjini: nani asingejenga kwa fahari akiwa na fedha za wengine za kutumia? Na mwezi Novemba 1494, Piero mwana wa Lorenzo alipofukuzwa, watu walilivamia jumba, kisha jamhuri ikawachukua Daudi na Yudithi. Yudithi alisimamishwa mbele ya jengo la serikali mwaka 1495, na chini yake yakaandikwa maneno kwamba wananchi wamemweka hapo kama mfano wa wokovu wa umma. Watu waliokaa kwenye benchi la mawe walikuwa wameelewa kila kitu. Walihamisha sanamu ili wabadilishe maana yake: mlinzi aliyedaiwa na Medici akawa onyo dhidi ya Medici.

Yaliyofuata yanathibitisha jambo hilo kwa mawe. Medici walirudi mwaka 1512 kwa msaada wa jeshi la Hispania, na mnamo mwaka 1517 ukumbi wazi wa kona ulizibwa, ukatiwa madirisha mazito ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya Michelangelo. Ni mazuri, na mgeni huyasifu kwa haki. Lakini tuone kilichotokea: familia iliyopata nguvu kwa kuacha kona wazi, ilipoipata tena kwa silaha, ilifunga kona. Mwaka 1532 Alessandro de' Medici akawa mtawala wa kurithisha. Mama yake alikuwa mtumishi au mtumwa, na wanahistoria kadhaa wanaamini alikuwa na asili ya Afrika. Cosimo wa Kwanza aliyemfuata alihamia Palazzo della Signoria yenyewe mwaka 1540, kwa kuwa sasa hakukuwa na haja ya kujifanya mwananchi. Mwaka 1659 jumba likauzwa kwa akina Riccardi, walioliongeza urefu upande wa Via Larga na kumwita Luca Giordano kuchora dari la ukumbi wao katika miaka ya 1680. Ingia ukumbi huo baada ya kanisa la Gozzoli. Juu, mawinguni, Medici wanang'aa katikati ya miungu. Nyumbu wa Cosimo hayupo, na hakuna aliyemhitaji tena.

Kwa hiyo simshauri mtu alichukie jumba hili. Medici wa mwisho, Anna Maria Luisa, alifunga mkataba mwaka 1737 uliohakikisha kwamba hazina za sanaa za familia hazitaondolewa Florence, na jumba lenyewe lilinunuliwa na serikali ya mkoa mwaka 1874, na hadi leo ni mali ya umma; maofisa wa umma wanafanya kazi ndani yake, na mwananchi yeyote anaweza kupita lango ambalo babu zake walingoja nje yake. Huo ndio mwisho wa haki kwa nyumba iliyojengwa kwa fedha na utii wa wengi. Ninachokuomba, msomaji, utakapofika Florence, ni kuubadili mpangilio wa ziara. Anza nje, kwenye benchi. Tazama mawe, kisha kona iliyozibwa, kisha ua uliopokonywa sanamu zake, kisha sakafu ya porfiri, na picha ziwe za mwisho. Ukienda hivyo, michoro ya Gozzoli haitapungua uzuri hata chembe; na utatoka ukijua uzuri huo ulikuwa ukimfanyia nani kazi, swali linalofaa kuulizwa mbele ya kila jumba zuri, popote lilipo.